Kushoto au Kulia? Kuvuka Barabara Ugenini

Nchini Tanzania, Kenya na Uganda, magari hupita upande wa kushoto wa barabara. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Tofauti hii ni urithi wa ukoloni: Waingereza waliacha kushoto, Wabelgiji wakaacha kulia. Ndiyo maana dereva anayetoka Tanzania kuingia Rwanda kupitia Rusumo hubadili upande mpakani.

Oman na nchi nyingine za Ghuba hupita kulia. Marekani pia. Zipo hata nchi zilizohama: Sweden ilihamia kulia mwaka 1967, Samoa ikahamia kushoto mwaka 2009.

Aliye hatarini zaidi ni mtembea kwa miguu, kwa sababu macho yana mazoea. Mtu wa Mombasa au Mwanza akitaka kuvuka hutazama kulia kwanza, maana gari la karibu hutokea huko. Akiwa Kigali au Muscat, gari la karibu hutokea kushoto. Anatazama kulia, anaona barabara tupu, anakanyaga lami. Hapo ndipo anapogongwa, tena mtu makini kabisa.

Msikilizaji, ugenini tazama pande zote mbili. Ndiyo, pande zote mbili, kisha tazama tena kabla ya kukanyaga lami. Mshike mtoto mkono. Shuka kwenye teksi upande wa kando ya barabara, si upande wa magari.

Dereva naye ajihadhari zaidi anapotoka kituo cha mafuta asubuhi na mapema, barabara ikiwa haina gari la kufuata. Wakati huo mikono hurudia upande wa nyumbani.