MZAZI AKAE ZAHANATI SAA 24

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyabandika hapa kwa wale waliokuwa shamba.)



Leo hatuzungumzii bei ya mazao. Tunazungumzia mzazi na kichanga chake.

Siku hizi wengi wetu tunajifungulia zahanati, na hilo ni jema. Lakini tunaondoka upesi mno. Mama kajifungua alfajiri, saa sita mchana yuko nyuma ya pikipiki na mtoto kifuani. Ukiuliza, unajibiwa: si mzima? Akae kule afanye nini?

Ndugu, uzima wa saa chache hauaminiki. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aliyejifungua kawaida, bila matatizo, akae na mtoto wake angalau saa 24. Aliyepasuliwa hukaa zaidi, mpaka daktari amruhusu. Sababu ni kwamba damu nyingi inayoua wazazi hutoka hasa siku hiyo ya kwanza. Kifafa cha mimba nacho chaweza kuja hata baada ya kujifungua. Zahanati kuna muuguzi. Nyumbani usiku kuna nini? Kupiga yowe tu, na barabara tunaijua.

Mtoto naye hutazamwa kama anapumua vizuri, ananyonya, hana homa wala baridi, na kitovu hakitoi damu. Asiogeshwe kabla saa 24 hazijaisha.

Wakisharuhusiwa, warudi kupimwa siku ya tatu, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, tena wiki ya sita. Lakini mama akitokwa damu nyingi, homa, kichwa kikali au degedege. Mtoto akikataa ziwa, akihema mbiombio au akigeuka manjano, wasingoje siku. Waende saa ile ile, hata usiku.

Sasa tuseme kweli. Mama hakimbilii nyumbani kwa kupenda. Anawaza watoto aliowaacha, mbuzi hawajafunguliwa, na uji nani atamletea. Hapo ndipo pa kwetu sote. Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, watu walichimba vyoo kwa pamoja. Sisi tutashindwa na bakuli la uji?

Basi tunaomba: majirani wapeane zamu ya chakula, baba abaki na watoto, na mama mkwe asimwite mzazi nyumbani kabla ya muda. Mkono mmoja haulei mwana.



Kamati ya Afya ya Ushirika