Sherehe Iishe, Usalama Ubaki
(Maneno yaliyotolewa katika kikao cha kamati za parokia, Muheza)



Nimeombwa niseme juu ya fataki za mkesha wa mwaka mpya. Kila mwishoni mwa Desemba Jeshi la Polisi hutangaza kwamba fataki zisipigwe bila kibali na matairi yasichomwe barabarani. Nchi yetu ina Sheria ya Baruti tangu mwaka 1963. Hata hivyo saa sita ya usiku ikigonga, sote tunajua kinachotokea mitaani. Wagonjwa hushtuka, watoto wachanga hulia, na cheche zikiangukia paa la makuti wakati wa kiangazi, nyumba haina muda.

Lakini mimi leo nataka tuitazame asubuhi yake. Saa sita usiku wazazi wako macho. Alfajiri wazazi wamelala, watoto wameshatoka kuokota. Wanatafuta zile fataki ambazo hazikulipuka. Mtoto anaitia mfukoni, au anaiwasha tena akiwa ameiinamia. Hapo ndipo macho na vidole vinapopotea. Nyingine hufagiwa pamoja na majani, zikatiwa kwenye shimo la taka, na mama akichoma taka zake jioni, shimo linamlipukia.

Hata vile vijiti vya cheche tunavyowapa wadogo tukidhani havina neno, moto wake waweza kuzidi nyuzi 1,000 za Sentigredi, na waya wake hubaki na moto baada ya kuzimika. Watoto wetu hupita peku. Wako pia wanaokwangua njiti za kiberiti na kushindilia unga wake kwenye nati ya spoku, wakaweka msumari na kupiga jiweni. Ufundi wanao, sikatai, ila msumari ukiruka hauchagui.

Na matairi? Mpira unaungua, nyaya zinabaki. Nyaya hizo hutoboa magurudumu ya baiskeli na pikipiki zinazobeba machungwa yetu, na lami iliyoungua huwa shimo mvua zikianza.

Kwa hiyo naomba kila kamati iteue watu wazima wachache wa kupita mtaani kabla ya jua kuchomoza, tarehe 1 Januari, na asubuhi ya Idd vilevile, kwa kuelewana na wazee wa misikiti. Vifaa ni fagio, reki na ndoo za maji. Fataki isiyolipuka isiwashwe tena. Iachwe kwanza, kisha imwagiwe maji na kulowekwa ndooni usiku kucha. Wafadhili mmeuliza mtusaidie nini: ndoo na reki zitatosha kuanzia.

Akiungua mtu, mwagieni maji safi ya baridi yatiririke kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, wala mafuta, wala yai. Jicho likiumia lisisuguliwe wala kubonyezwa. Likingeni kwa kikombe safi, mgonjwa apelekwe Hospitali Teule mara moja. Moto ukishika nyumba, namba ya Zimamoto ni 114.

Katibu atazunguka sasa na daftari. Kila mtaa uandike majina ya watakaoamka alfajiri hiyo, na nani atakaa na ndoo.