Cheo Bila Fungu: Kuajiri Viongozi Waandamizi kutoka Jamii za Asili katika Vyuo Vikuu vya Kanada



Nimeombwa nizungumzie uajiri wa viongozi waandamizi kutoka jamii za asili. Nitakayosema ni maoni yangu baada ya miaka mingi kwenye kamati za uteuzi, si msimamo wa chuo ninachokitumikia.

Fasili hazitatuchelewesha. Jamii za asili za Kanada ni Mataifa ya Kwanza, Wametis na Wainuiti. Kiongozi mwandamizi ni rais wa chuo, makamu wake au mkuu wa kitivo. Historia nayo mnaijua: sheria ya 1876 ilimvua hadhi yake ya kisheria mtu wa Mataifa ya Kwanza aliyepata shahada ya chuo kikuu. Katika sensa ya 2016 jamii hizi zilikuwa asilimia 4.9 ya watu wote, lakini miongoni mwa maprofesa wa vyuo vikuu zilikuwa kama asilimia 1.4 tu. Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua, na mwaka huohuo vyuo vikuu vikatangaza kanuni 13 kuhusu elimu ya jamii za asili. Nafasi za makamu wa rais wa masuala ya jamii za asili zikazidi kutangazwa.

Tatizo langu linaanzia kwenye matangazo hayo. Kila nafasi inapokaa wazi tunaambiwa wagombea hawapo. Wapo. Yasome majukumu: mitaala, wanafunzi, utafiti, uhusiano na wazee wa jamii, ushauri kwa kila kitivo. Kisha tafuta fungu la fedha, watumishi, au kiti kwenye kamati ya bajeti. Utakuta neno "atashirikiana". Huko ni kumpa mtu jembe lisilo na mpini, kisha kumuuliza mbona halimi.

Katika usaili mmoja, mama aliyewahi kuongoza elimu ya jamii yake alifunga jalada lake akauliza: "Hati za malipo za kitengo hiki anasaini nani?" Wajumbe walitazamana. Akajibiwa kwamba hilo litapangwa baada ya uteuzi. Alishukuru kwa heshima, na siku chache baadaye akajitoa. Kwenye muhtasari iliandikwa "sababu binafsi". Nilipinga maneno hayo siku ile, na ninayapinga hadi leo, kwa kuwa sababu yenyewe aliitaja mbele yetu sote.

Wanaokubali hubebeshwa kila kamati na kila hafla, kisha chuo jirani huwachukua, nasi tunahesabu mtu yuleyule mara mbili. Wengine huondoka kabisa. Mwanamke wa kwanza wa jamii za asili kuongoza kitivo cha sheria nchini Kanada aliteuliwa katika Chuo Kikuu cha Lakehead mwaka 2016, akajiuzulu 2018 akilalamikia ubaguzi wa kimfumo. Kwa upande mwingine, Chuo Kikuu cha Nipissing mwaka 2013 kilimkabidhi Mike DeGagné, Mwanishinaabe wa Mataifa ya Kwanza, urais wa chuo kizima, naye akauongoza hadi 2020. Mamlaka kamili yanawezekana.

Kwa hiyo napendekeza, kwa unyenyekevu unaostahili lakini bila kuzunguka, kwamba nafasi isitangazwe kabla Baraza la Chuo halijapitisha fungu lake, na kiasi kionekane ndani ya tangazo. Anayeteuliwa aripoti kwa rais moja kwa moja. Awe mjumbe kamili wa kamati ya bajeti. Narudia, mjumbe, si mwalikwa. Wazee na wawakilishi wa jamii husika wawe na kura kwenye kamati ya uteuzi, na jamii yenyewe ithibitishe uanachama wa mgombea badala ya chuo kuridhika na maelezo yake, maana kesi za watu waliojidai kuwa wa asili zimekwisha kuwaumiza wengi. Uzoefu wa kuongoza halmashauri, shule au hospitali ya jamii upewe uzito sawa na machapisho. Kampuni za kutafuta viongozi zisilipwe malipo ya mwisho mpaka aliyeajiriwa amalize miaka miwili. Walimu vijana wa jamii hizi wafadhiliwe masomo ya uzamivu sasa, ili tuache kunyang'anyana wachache waliopo. Fungu, nasema tena, litangulie jina.

Na pale kiongozi anapoondoka, mahojiano yake ya kuaga yasomwe na Baraza zima kabla nafasi haijatangazwa upya.