Nafasi ya Mafunzo ya Ambulensi Hainunuliwi: Jinsi ya Kutuma Ombi Lako

Hii ni hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa vijana na wazazi waliohudhuria kikao cha ushauri kuhusu kazi. Tunaichapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Nimepewa muda mfupi na jua linawaka, kwa hivyo sitazunguka. Nimekuja kuzungumza kuhusu mafunzo ya wahudumu wa matibabu ya dharura, wale tunaowaona ndani ya ambulensi na ambao wengi huwaita EMT. Vijana wengi wanafika ofisini mwetu wakiulizia mafunzo haya. Wengine wanafika wakiwa wamechelewa, na wengine wameshaliwa pesa zao. Hao ndio walionileta hapa leo.

Kwanza niwaambie kwa nini jambo hili linanigusa. Kabla sijaajiriwa na kaunti nilikuwa mwandishi wa habari. Jioni moja nilifika mahali pa ajali kabla ya polisi. Kijana wa boda boda alikuwa amelala kando ya lami. Alikuwa anaongea, anaomba maji. Tulikuwa watu wengi, na kila mmoja alikuwa na nia njema. Tukamshika mikono na miguu, tukampandisha nyuma ya pikapu. Mimi nilishika mguu wa kushoto. Hakuna aliyeshika kichwa.

Tulipofika hospitalini daktari alituuliza, "Ni nani alikuwa ameshika shingo?" Sote tukanyamaza. Kijana yule aliishi, lakini hakutembea tena. Hadi leo sijui kama aliumizwa na ajali au aliumizwa na sisi. Nilichojua ni kwamba kati yetu sote hakukuwa na hata mmoja aliyefunzwa.

Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linaweka huduma za ambulensi mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo mkazi ana haki ya kuuliza ambulensi iko wapi. Lakini ambulensi isiyo na mtu aliyefunzwa ni gari lenye king'ora tu. Mtu huyo atatoka wapi? Atatoka kwenye viti hivi mlivyokalia.

Sasa tuzungumze kuhusu kazi yenyewe. Mhudumu wa dharura si dereva, ingawa wengine hujifunza kuendesha pia. Wala si daktari. Kazi yake ni kumfikia mgonjwa, kumkagua, kufungua njia ya hewa, kuzuia damu, kukaza mfupa uliovunjika, kumsaidia mama anayejifungua njiani, kisha kumfikisha hospitalini akiwa hai na kumweleza daktari kila alichoona na kila alichofanya. Ni kazi ya usiku, ya mvua, ya kubeba watu wazito kwenye miteremko. Kuna siku utafanya kila kitu sawasawa na mgonjwa afariki. Ukiona huwezi kabisa kustahimili hayo, ni afadhali ujue leo kabla hujalipa karo.

Akina dada, nawaona mnatazamana. Kazi hii ni yenu pia. Kuna mama ambaye uchungu umemshika saa nane usiku na angependa kumwona mwanamke mwenzake akishuka kwenye ambulensi. Tumeni maombi.

Mtasomea wapi? Nchini kwetu mafunzo haya hutolewa na KMTC, na pia na mashirika kama vile Msalaba Mwekundu na St John Ambulance. Kuna vyuo vya kibinafsi pia. Maombi ya KMTC hupitia tovuti ya KUCCPS wakati nafasi zinapotangazwa. Hao wengine hupokea maombi moja kwa moja. Kabla hujalipa hata shilingi moja kwa chuo chochote, uliza maswali matatu. La kwanza, chuo hiki kimesajiliwa na nani, na hati ya usajili iko wapi? La pili, nitafanya mazoezi katika hospitali gani na katika ambulensi za nani? La tatu, nikimaliza, cheti hiki kitatambuliwa na waajiri na na chama cha taaluma yangu? Chuo kizuri kitajibu bila kukasirika. Kazi hii haisomwi kwenye karatasi pekee, kwa hivyo chuo kisichokupeleka kwenye wodi ya majeruhi wala kwenye ambulensi hakijakufunza.

Kuhusu alama za KCSE, masharti hutofautiana kati ya chuo na chuo, na kati ya cheti na diploma. Usiambiwe na jirani kwamba umefuzu au hujafuzu. Soma tangazo lenyewe, mstari kwa mstari, hasa sehemu ya biolojia na lugha. Ukiona neno usilolielewa, piga simu chuoni.

Sasa tufike kwenye karatasi, maana hapa ndipo wengi huanguka. Jambo la kwanza ni majina. Kitambulisho kinasema hivi, cheti cha kuzaliwa kinasema vile, na cheti cha shule kimeacha jina la baba. Kwako ni jambo dogo, kwa anayekagua maombi ni watu wawili tofauti. Toa vyeti vyako leo jioni, uviweke mezani kimoja kando ya kingine, usome herufi moja moja. Kama havilingani, muone wakili akuandikie hati ya kiapo, au uanze utaratibu wa kurekebisha. Utaratibu huo huchukua muda, nao tangazo halitakungoja.

La pili, cheti kilichopotea au kuungua. Usikate tamaa. Baraza la mitihani, KNEC, lina utaratibu wa kuthibitisha matokeo yako. Anza mapema.

La tatu, cheti cha tabia njema kutoka DCI. Waajiri wengi watakiomba, na vyuo vingine pia. Ombi hufanywa kupitia eCitizen, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Huduma hiyo inapatikana pia katika vituo vya Huduma. Nayo si ya siku moja.

La nne, barua yako. Naomba hapa mnisikilize kama mwandishi wa habari, si kama afisa. Nimesoma barua nyingi za maombi, na nyingi husema, "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo." Ukibadilisha jina, barua hiyo inaweza kuwa ya mtu yeyote. Andika kilicho chako. Kama ulimtunza nyanya yako mwenye kisukari na ulikuwa ukimpima sukari, sema hivyo. Kama wewe ni wa boda boda na umewahi kuwafikisha majeruhi zahanati, sema. Kama hujawahi, sema kwa nini unataka kujifunza. Mistari kumi ya kweli inatosha. Wala usinunue barua kwenye saiba. Yule kijana wa saiba amewauzia barua hiyohiyo wenzako ishirini, na zote zitasomwa na mtu mmoja.

Ukiitwa kwa mahojiano, fika mapema ukiwa na vyeti halisi na nakala zake. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui. Katika kazi hii, anayejifanya anajua ndiye anayeua. Unaweza kuulizwa ungefanya nini ukikuta ajali. Wengi hujibu, "Nitamkimbilia mgonjwa." Kumbe jambo la kwanza ni kuangalia kama mahali penyewe ni salama, magari yamesimamishwa, hakuna petroli inayomwagika wala waya wa stima ulioanguka. Mwokoaji akigongwa, majeruhi wanakuwa wawili.

Wazazi wangu, sasa nawageukia ninyi. Akija mtu, hata akiwa na kitambulisho kinachoning'inia shingoni, hata akitaja jina la mkubwa fulani, akuambie kwamba ana nafasi iliyobaki na anataka "kitu kidogo" kwa M-Pesa, huyo ni mwizi. Nafasi haiuzwi. Karo halali hulipwa kwenye akaunti au nambari ya malipo ya chuo yenye jina la chuo, nawe unapewa risiti. Haiingii kamwe kwenye simu ya mtu binafsi. Na mjue kwamba Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayepokea na anayetoa pia. Nimemwona mama aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya nafasi ambayo haikuwahi kuwepo. Alipokuja kwetu, simu ya yule bwana ilikuwa imezimwa. Hakuwa na risiti, hakuwa na barua, na aliona aibu hata kwenda polisi. Mama, usione aibu. Nenda ukapige ripoti, na uende upesi, kabla hajamfikia jirani yako.

Kuna jambo moja la ukweli ambalo ni lazima niliseme, hata kama bosi wangu angependa niseme maneno matamu. Cheti cha EMT si barua ya kazi. Kaunti huajiri kupitia bodi yake ya utumishi wa umma, nafasi zikitangazwa, na hushindaniwa. Lakini waajiri ni wengi kuliko kaunti. Kuna hospitali za kibinafsi, kampuni za ambulensi, viwanda, migodi, hoteli kubwa na waandalizi wa michezo. Na hata usipoajiriwa mwaka wa kwanza, kijiji chako kitakuwa na mtu mmoja anayejua kushika shingo.

Kuhusu karo, ulizeni mapema kama HELB inagharimia kozi hiyo na kama chuo kinakubali malipo ya awamu. Basari zikitangazwa, jazeni fomu kabla ya siku ya mwisho. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Kabla sijaketi, sitaki yeyote aondoke mikono mitupu. Kama hujawa EMT, unaweza kuanza leo. Hifadhi kwenye simu yako nambari 999 na 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Ukikuta mtu anatoka damu nyingi, weka kitambaa safi juu ya jeraha, ubonyeze kwa nguvu na usiachie. Ukikuta mtu mzima hajibu wala hapumui kama kawaida, mlaze chali, ita msaada, kisha bonyeza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma hadi msaada ufike. Na ukikuta aliyeanguka kwa pikipiki, usimvute. Kama hakuna moto wala hatari nyingine, mwache alipo, mwambie asijitingishe, shika kichwa chake kwa mikono miwili kisicheze, na mtu mwingine apige simu.

Hayo ningeyajua jioni ile, ningeshika kichwa badala ya mguu.

Vijana, nendeni nyumbani mkaangalie majina kwenye vyeti vyenu. Mkiwa na swali, msimamizi wa wodi yuko hapa, na mlango wa ofisi yetu uko wazi siku za kazi. Hatutozi pesa kwa kujibu swali. Mtu akiwatoza, hata kama ni mimi, mniripoti.