Motokaa ya Marehemu Yarudi Barabarani

(Hotuba ya fundi mmoja wa karakana ya reli mbele ya wanachama wa tawi, Olympic, Kibera)



Nimeombwa nieleze habari za ile Peugeot iliyosimama hapo nje, na jinsi fedha zenu zilivyotumika. Mimi si msemaji. Nilisoma shule ya misheni hata darasa la nane, kisha nikashika spana, na tangu siku hiyo sijazoea kusimama mbele ya watu. Lakini kuna maneno yanayosemwa stesheni na karakanani, ya kwamba tumechukua fedha za wafiwa tukachezea gari bovu. Basi ni afadhali mniulize mimi kuliko kuulizana ninyi kwa ninyi.

Wengi wenu mwamjua mwenye motokaa ile. Alikuwa fundi pamoja nasi, na mimi ndiye aliyenifundisha kupima vali. Alipofariki, motokaa yake ilibaki kando ya nyumba, hatua chache kutoka mwisho wa gari namba 8, ikakaa miaka minne. Kuku walitaga ndani yake. Watoto waliondoa vioo vya taa. Mvua iliingia kwa mlango wa nyuma, na bati la chini ya viti likawa kama karatasi iliyoungua.

Mwaka jana mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mizani yake kichwani, nina maana aliitazama akasema bei: shilingi 35,000. Mama mjane alikuwa na karo ya kulipa. Alinipigia simu nikiwa zamu ya usiku, akaniuliza, "Shemeji, niwape?" Nilimwambia angoje hata asubuhi. Nikaja kwenu katika mkutano, na ninyi mkakubali kutoa shilingi 2,500 kila mtu, watu 46. Hizo ni shilingi 115,000. Hapo ndipo habari yenyewe inapoanza.

Kijana mmoja aliniuliza kwa nini tusinunue gari dogo la Japani. Ni swali la haki. Lakini gari la Japani la namna tuliyotaka, lenye nafasi ya watu na mzigo, lapita mara nne fedha tulizokuwa nazo, nasi mkopo hatukutaka. Na Peugeot 504 si gari la kudharau. Ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikapewa heshima ya kuwa gari la mwaka katika Ulaya. Hapa kwetu iliundwa Mombasa kwa miaka mingi. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 ya milango miwili yenye silinda sita. Kabla yake 404 ilikwisha kushinda mara nne, na mwaka 1968 ilishinda katika matope ambayo ni gari saba tu zilizofika mwisho.

Wamarekani wana gari zao za nguvu, Mustang na nyinginezo, zenye injini za silinda nane zinazonguruma kama simba. Wazee wao huzitoa katika mabanda zikiwa na kutu, wakazifufua kwa fedha nyingi. Hata hapa karibu nasi, kila mwaka kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road huletwa motokaa za zamani zikashindana kwa usafi. Mimi nimesimama nje ya ua nikizitazama, na sioni wivu. Lakini gari letu la nguvu, sisi watu wa mshahara, ni Pijo. Nguvu yake haikuwa mbio. Ilikuwa kuchukua watu tisa na mbuzi na magunia juu, kutoka mjini hata Busia, na kurudi kesho yake.

Wala si ajabu kufufua kitu kilichotumika. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, alishinda Safari ya 1965 pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 ambayo wengine walikwisha kuitumia katika mashindano. Na sisi watu wa reli tunaijua 5918, ile Mount Gelai iliyoko Makumbusho ya Reli, tani 252, ambayo baada ya kulala muda mrefu iliwashwa tena ikatembea kwa mvuke wake yenyewe.

Kwanza zilikuja karatasi, na hapa nataka wenye wake na watoto wasikilize. Motokaa ilikuwa bado kwa jina la marehemu. Mtu akifa, hata mkewe hana ruhusa ya kuuza mali yake wala kuibadilisha jina mpaka mahakama impe idhini. Yule mnunuzi wa vyuma angeichukua kwa njia isiyo ya haki, na mama angeingia mashakani kwa ajili ya 35,000. Basi mama alipata barua ya chifu, cheti cha kifo, na majina ya warithi, akapeleka maombi mahakamani. Tangazo hutolewa katika Gazeti la Serikali, na watu hupewa siku 30 za kupinga. Hakupinga mtu. Lakini mambo yote, tangu barua ya chifu hata kitabu cha gari kuandikwa jina lake, yalichukua miezi saba. Kama marehemu angaliweka wosia, njia ingalikuwa nyepesi. Nilipotoka kwenye shughuli ile nilikwenda nyumbani nikaandika wa kwangu, ijapokuwa mali yangu ni kitanda, redio na kabati la spana.

Sasa kazi yenyewe. Tulimpata fundi mzee wa jua kali huku Kawangware, ambaye ameshika Pijo tangu ujana wake. Tulikubaliana shilingi 20,000 kwa kazi yote, na mimi niwe mkono wake siku nisizo na zamu.

Motokaa iliyolala haiwashwi kwa haraka. Petroli iliyozeeka ilikuwa imegeuka kama gundi, ikanuka rangi. Tulishusha tangi, tukaliosha, tukabadili mipira yote ya mafuta, tukafungua kabureta tukasafisha vitundu vyake kimoja kimoja. Tulitoa plagi nne, tukamimina mafuta kidogo ndani ya kila silinda, tukaacha siku tatu ili ringi zilegee. Ndipo tukaizungusha injini kwa mkono, polepole. Ilikubali. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza.

Breki zilikuwa zimekufa kabisa. Pistoni zake zilishikwa na kutu, na masta silinda ilivuja. Hapa sikutaka ubahili hata wa shilingi moja, kwa maana gari lisilowaka haliui mtu, bali lisilosimama laua. Vipuri tulivitafuta Kirinyaga Road kutwa nzima. Jihadharini, ndugu zangu: kuna vipuri vipya ambavyo ni vipya kwa rangi tu.

Tulipopima mgandamizo, silinda ya pili na ya tatu zilikuwa dhaifu. Tukafungua hedi. Gasketi ilikuwa imeungua katikati ya hizo mbili, na hedi, ambayo ni ya alumini, ilikuwa imepinda kidogo. Mzee akaichukua kwenda kuisawazisha kwa mashine. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Usizungushe injini mpaka nirudi. Kama lazima, funga slivu kwanza kwa bolti na washa."

Ndugu wanachama, mimi ni fundi wa dizeli. Nimefungua injini za treni za Class 93, silinda kumi na mbili, ambazo sehemu zake huinuliwa kwa kreni. Nilimtazama mzee yule mwenye kaptura iliyochanika nikasema moyoni mwangu, hiki kiinjini cha silinda nne kitanishinda nini? Juu ya pistoni kulikuwa na masizi. Nikataka kuyakwangua. Pistoni mbili zilikuwa chini. Nikashika spana, nikaizungusha.

Katika injini ya Pijo slivu hazikutiwa ndani ya bloku kwa nguvu. Zimesimama tu, maji yamezizunguka pande zote, na chini kuna pete nyembamba izuiayo maji yasiingie kwenye oili. Kinachozishika ni hedi iliyofungwa juu. Hedi ikiondolewa, nawe ukazungusha, pistoni inapopanda huinua slivu pamoja nayo, hata kama ni unene wa unywele. Pete ikisogea haitakaa tena. Haya nayajua leo. Siku ile sikuona kitu, wala sikumwambia mzee.

Tulifunga kila kitu. Injini iliwaka mara ya tatu. Watoto wa Olympic walipiga kelele, mama mjane alitoka nje na kanga begani akasimama mlangoni, hakusema neno, akarudi ndani. Nilijiona mtu mkubwa. Siku mbili baadaye nilichomoa kipimo cha oili, nikaona oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia.

Nilikaa chini kando ya gurudumu kwa muda. Naliweza kusema kwamba pete zilizeeka, nani angalijua? Mzee alikuja, akatazama kipimo, akanitazama mimi. Akauliza neno moja tu: "Ulizungusha?" Nikasema, nilizungusha. Akavua koti lake, akaanza kufungua upya.

Gasketi mpya, pete mpya, oili, na siku mbili za mzee zilikuwa shilingi 13,600. Baadhi yenu mlisema tawi lilipe, kwa kuwa nilikuwa nikifanya kazi ya tawi. Nawashukuru, lakini hapana. Nililipa katika mshahara wangu kwa miezi mitatu, na stakabadhi anazo Bibi Mweka Hazina. Nasema hivi kwa sababu maneno ya stesheni yalisema kwamba 13,600 zilipotea mfukoni mwangu. Zilitoka mfukoni mwangu, hazikuingia.

Hesabu ya fedha zenu ni hii. Vipuri vya injini na kazi ya mashine, 31,500. Breki, 14,200. Tairi nne, 22,000. Betri, 9,500. Kuchomelea mabati ya chini na mlango wa nyuma, 11,000. Fundi, 20,000. Jumla 108,200. Zilizobaki, 6,800, zilikwenda katika bima. Rangi hatukupaka. Motokaa yaonekana kama mtu aliyetoka hospitali, nami sioni haya kwa hilo.

Kulikuwa na ubishi juu ya mwenye gari ni nani. Wengine walisema, sisi tumetoa 115,000 na mjane ametoa chuma chakavu cha 35,000, basi gari ni la tawi. Wengine wakataka lifanywe teksi lilete faida. Niliumia kusikia hesabu hiyo ya kwanza, ijapokuwa katika karatasi ni hesabu sahihi. Mkutano ulikata shauri vizuri: motokaa ni ya mama, na kitabu kina jina lake. Sisi tutailinda izidi kutembea, naye atatupa tunapofiwa na tunapokuwa na mgonjwa. Petroli ni juu ya mwenye shida. Haikodishwi kwa watu wa nje wala haichukui abiria wa kulipa, kwa kuwa bima yake si ya kazi hiyo, na ajali ikitokea tutaachwa peke yetu.

Imekwisha kufanya safari moja kubwa. Mwezi wa pili mwenzetu wa zamu ya mchana alifiwa na babaye, huko Busia. Gari la kukodi la kuchukua maiti walitaka shilingi 65,000. Tuliondoa viti vya nyuma, sanduku likaingia, tukafunga mlango. Tulitoka saa tatu usiku kwa Dagoretti Corner, tukashuka mteremko wa Mai Mahiu kwa gia ya pili, nikisikiliza breki kama mama asikilizavyo mtoto mwenye kikohozi. Pale Timboroa baridi ilikuwa kali, na hita haifanyi kazi. Hiyo bado sijaitengeneza. Tulifika asubuhi watu wakiwa wameketi chini ya mwembe. Petroli kwenda na kurudi ilikuwa 17,000. Njiani kurudi tuliongeza maji nusu lita tu.

Sasa mambo ya utaratibu. Siku za Jumanne na Ijumaa msiiombe, kwa maana mama huenda nayo Gikomba kuchukua marobota yake ya kuuza Toi. Ufunguo wa pili uko kwa karani wa tawi, pamoja na daftari: kila atakayeiendesha aandike kilomita, oili na maji. Slivu ya tatu naipima mwenyewe kila mwisho wa mwezi. Na mtu yeyote akitaka kufungua hedi, aende kwanza Kawangware akamwulize mzee.

Bwana Mwenyekiti, kama kuna maswali niko tayari. Stakabadhi ziko katika bahasha mezani.