Mashine ya Kuondoa Unyevu: Isafishe Kabla ya Kuilaumu

Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa Mombasa kuhusu utunzaji wa vifaa vya nyumbani



Mkazi wa Mombasa hahitaji kuelezwa unyevu ni nini. Masika yakianza, chumvi hulowa kibakulini, viatu vya ngozi huota ukungu mvunguni, na kanzu iliyopigwa pasi juma lililopita hutoka kabatini ikinuka uvundo. Nyumba za Mji wa Kale zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe huvuta maji kutoka ardhini hadi ukutani. Fleti mpya nazo, zenye madirisha ya vioo yanayofungwa kutwa, hushika mvuke wa jikoni na wa bafuni ukakosa pa kutokea.

Ndiyo maana baadhi ya familia zimenunua mashine ya kuondoa unyevu hewani, hasa zenye mtoto au mzee mwenye pumu. Ukungu wa ukutani hutoa chembechembe ndogo zinazoelea hewani, na mwenye pumu akizivuta, kifua chake huweza kubana.

Chukulieni mfano wa mama mmoja, ambaye angeweza kuwa jirani wa yeyote aliyeketi hapa. Mwanawe wa miaka 6 ana pumu. Mama amedunduliza pesa, akanunua mashine ya mtumba na kuiweka katika chumba cha mtoto. Miezi miwili ya kwanza, kila asubuhi alikuwa akimwaga maji. Mwezi wa tatu mashine inanguruma usiku kucha, ndoo yake ni kavu, na chumba kinanuka kuliko zamani. Mtoto ameanza kukohoa tena. Fundi aliyepigiwa simu amesema, bila hata kuiona, kwamba gesi imekwisha. Je, mama alipe?

Asilipe bado. Kwanza aelewe mashine inavyofanya kazi.

Ndani mna feni inayovuta hewa ya chumbani na kuipitisha kwenye chujio. Hewa hiyo hugusa mabomba yaliyopozwa na kompresa, kama yale ya friji. Mvuke hugeuka matone, jinsi glasi ya maji baridi inavyotoka jasho mezani. Matone hudondokea kwenye ndoo, kisha hewa hupita kwenye mabomba ya moto na kurudi chumbani ikiwa kavu na yenye joto kidogo. Kwa hivyo chumba kikiwa na joto kuliko kawaida, hiyo si hitilafu. Mashine hii haikuundwa kupoza chumba.

Sasa tatizo lichunguzwe hatua kwa hatua, kuanzia lile lisilogharimu kitu.

Mashine ikikataa kuwaka kabisa, soketi ijaribiwe kwa chaja ya simu. Soketi ikiwa nzima, fyuzi iliyo ndani ya plagi iangaliwe, na ikiungua ibadilishwe kwa nyingine ya kiwango kilekile. Fyuzi mpya ikiungua pia, mashine isijaribiwe tena. Ni kazi ya fundi. Kisha ndoo itazamwe. Mashine nyingi zina boya dogo linaloizima ndoo ikijaa. Boya likikwama kwa utelezi, au ndoo ikikaa upande, mashine hudhani imejaa hata kama ni tupu. Mwisho, kipimo cha unyevu kiangaliwe. Kikiwekwa asilimia 80 na chumba kina asilimia 75, mashine itatulia kwa kuwa haijaona kazi. Kwa nyumba za Pwani, asilimia 55 hadi 60 inatosha.

Mashine ikiwaka bila kutoa maji, la kwanza ni madirisha na mlango. Kuiendesha dirisha likiwa wazi ni kuteka maji kwa pakacha, kwa sababu hewa ya baharini haiishi. La pili ni chujio. Chujio lililojaa vumbi na nywele huziba njia ya hewa, na hewa isipopita hakuna maji yatakayotoka. Hapa ndipo yule mama angepata jibu lake. Miezi mitatu imepita na chujio halijawahi kutolewa.

Mabomba yakiganda barafu, mashine izimwe, barafu iyeyuke yenyewe, na isikwanguliwe kwa kisu. Mombasa joto mara chache hushuka chini ya nyuzi 20, kwa hivyo isipokuwa chumba kimepozwa sana kwa eyakondishena, barafu huashiria chujio chafu, feni dhaifu au gesi pungufu. Chujio likisafishwa na feni ikazunguka vizuri, lakini barafu ikarudi sehemu moja tu ya mabomba huku kwingine kukiwa kukavu, hapo neno la fundi kuhusu gesi huenda likawa la kweli.

Maji yakimwagika sakafuni, ndoo iangaliwe kama ina ufa, mpira wa kutolea maji kama umejikunja au kuziba, na mashine kama imekaa sawasawa.

Ama kusafisha, kanuni ya kwanza ni plagi itolewe ukutani. Kubonyeza swichi ya mashine hakutoshi. Mwenye pumu asiwepo chumbani, na anayesafisha afunge kitambaa puani.

Chujio lisafishwe kila baada ya wiki mbili. Lioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, lisuuzwe, lianikwe kivulini hadi likauke kabisa. Likirudishwa bichi huota ukungu, na feni huusambaza nyumba nzima. Hapo mashine iliyonunuliwa kumlinda mtoto ndiyo humdhuru.

Ndoo ioshwe kila wiki kwa sabuni na kitambaa laini, hasa pembeni na kwenye boya. Utelezi ukikataa kutoka, siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa iachwe humo nusu saa, kisha isuuzwe. Tahadhari moja hapa haina mjadala: siki na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo visichanganywe kamwe. Vikikutana hutoa gesi yenye sumu inayochoma mapafu, na huyo ni adui wa kila mtu, seuze mwenye pumu.

Mabomba na mapezi yake membamba yapanguswe vumbi kwa brashi laini, kufuata mistari yake, bila kukandamiza kwa sababu hupinda upesi. Nyumba zilizo karibu na bahari zifanye hivyo kila mwezi, kwani chumvi iletwayo na upepo hula chuma. Mashine isimwagiwe maji wala kupulizwa kwa mpira. Chini ya mabomba hayo mna nyaya za umeme.

Yako mambo ambayo mwenye nyumba asiyaguse. Harufu ya kuungua, waya wa moto au plagi iliyobadilika rangi ni dalili za kuzima umeme na kuita fundi mwenye ujuzi. Bomba la gesi lisitobolewe wala kulegezwa. Baadhi ya mashine mpya zina gesi ya R-290, ambayo ni propani na huwaka moto. Kibandiko cha nyuma huonyesha aina ya gesi, nacho kisomwe kabla ya fundi kufungua chochote.

Kibandiko hicho kisomwe pia kabla ya kununua mtumba. Umeme wa Kenya ni volti 240. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni ya volti 120 na itaungua ikichomekwa moja kwa moja. Isitoshe, mwaka 2013 zaidi ya mashine milioni 2 za aina hii zilitangazwa kurejeshwa nchini Marekani kwa sababu zilipata joto kupita kiasi na kuweza kuwaka moto. Mnunuzi wa mtumba aitafute namba ya modeli mtandaoni kabla ya kutoa pesa. Mashine ikifika nyumbani ikiwa imelazwa garini, isimame wima siku nzima kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Ichomekwe kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni yenye friji na pasi, wala isifunikwe nguo za kukausha.

Gharama pia ijulikane. Mashine ya wati 300 ikifanya kazi saa 10 hutumia yuniti 3 za umeme. Chujio likiwa chafu, yuniti hukatwa vilevile huku ndoo ikibaki kavu.

Kuna swali ambalo katika mji wenye shida ya maji ni la haki: maji ya ndoo yanaweza kunywewa? Hapana. Yanaonekana safi lakini yamepita kwenye vumbi, vijidudu na vyuma, na kuyachemsha hakuondoi chuma. Yatumike kupiga deki au kumwagia chooni. Wala yasiachwe yakituama. Mbu anayeeneza homa ya dengue na chikungunya hupenda maji safi yaliyosimama ndani ya nyumba, na mji huu umewahi kuzionja homa hizo. Mashine ikiwekwa stoo baada ya mvua, ndoo imwagwe, ikaushwe na iachwe wazi.

Hatimaye, mashine haizibi paa linalovuja wala haitengenezi bomba lililopasuka ukutani. Chanzo cha maji kisipozibwa, unyevu utarudi kila siku. Wala haichukui nafasi ya dawa ya pumu. Mtoto akikohoa usiku au kupumua kwa shida, apelekwe kituo cha afya, na chujio lisafishwe baadaye.

Yule mama wa mfano wetu hakuhitaji gesi. Alihitaji beseni, sabuni, brashi na asubuhi moja ya Jumamosi. Mkazi yeyote mwenye mashine kama hiyo aanze hapo hapo leo jioni: achomoe plagi, atoe chujio, alitazame kwenye mwanga. Likiwa haliruhusu mwanga kupita, hata hewa haipiti.