Maradhi ya Njia ya Haja Kubwa na Jinsi ya Kuyapambanua
(Hotuba kwa Masheha, Waalimu na watu wa shamba wa Pemba)



Khabari niliyo nayo leo ni ya mahali pa siri, na kwa sababu ya haya wengi huificha mpaka maradhi yakazidi. Tena kila maumivu ya huko watu huyaita bawasiri, wakatafuta dawa moja kwa yote. Sivyo. Maradhi haya ni mbalimbali, na kila moja lina alama zake.

Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba. Damu yake ni nyekundu safi, hudondoka wakati wa choo, na mara nyingi haina maumivu. Pengine kinyama hutokeza mtu akijikaza. Mpasuko wa ngozi damu yake ni haba, lakini huuma kama kukatwa kwa wembe, wakati wa choo na baadaye. Yote mawili mara nyingi huletwa na choo kigumu. Basi mgonjwa na anywe maji mengi, ale mboga na matunda, asijikaze, na akalie maji ya vuguvugu.

Jipu huvimba, hupwita mchana na usiku, na huleta homa. Lisitumbuliwe nyumbani, kazi hiyo ni ya daktari. Pengine nyuma yake hubaki tundu litoalo usaha, ndiyo nasuri.

Mtoto akijikuna usiku, tazameni minyoo midogo myeupe kama uzi. Lakini akihara damu, na utumbo ukamtokeza, huenda ni minyoo ya mjeledi, iliyo mingi Pemba. Mwaka 2012 dawa zilijaribiwa kwa watoto wa skuli kisiwani humu: albendazoli peke yake iliponya mjeledi kwa watoto pungufu ya 3 katika 100, ilipotolewa pamoja na oksanteli pamoati, kama 31. Kwa hiyo kidonge kisitusahaulishe choo safi na kunawa mikono.

La mwisho ndilo zito. Damu iliyochanganyika na choo, desturi ya choo iliyobadilika kwa majuma, kukonda bila sababu, au uvimbe mgumu, huenda ni saratani, nayo hudhaniwa bawasiri. Ikijulikana mapema, matumaini ya kupona ni makubwa. Mtu huyo asingoje. Aende hospitali, Chake Chake, Wete, Micheweni au Mkoani.

Sheha akinena wazi, na mwalimu akifundisha, mgonjwa hataona haya kumwendea daktari.